Kilua wa Mkono wa Kushoto

Siku ya hitima ya Bi. Zena mimi ndiye niliyekuwa jikoni. Nilimwosha maiti kwa mikono yangu hii, nikamvika sanda, nikasimamia pilau ya wasomaji, na hata mikeka iliyotandikwa ukumbini ilitoka kwangu. Sikutaka shukrani. Bi. Zena alikuwa mwalimu wangu, na aliyemshughulikia uzeeni ni mimi. Halafu akaingia Nuru. Alitoka uwanja wa ndege moja kwa moja, buibui limekunjamana, mvi zimechomoza kwenye mtandio, na kabla hajapata hata pa kuketi, kitoto kimoja cha kike kikamnyoshea kiganja. "Bibi Nuru, nichoree Kilua!" Mama yake akakikaripia kwamba hapa ni matangani, lakini karipio lenyewe lilikuwa na kicheko ndani yake. Nuru akatoa kalamu mkobani. Chumba kizima kikainuka. Wanawake niliowapakulia chakula tangu asubuhi, ambao wao na binti zao niliwapaka hina ya harusi mimi, wakasongamana kutazama kiganja cha mtoto wa watu. Mimi nikabaki nimesimama na trei ya chai, hakuna aliyeniambia hata niitue.

Nina wivu. Nimeona niliseme mapema, maana anayesoma atalitambua mwenyewe baada ya kurasa mbili, na mimi sipendi kutambuliwa. Shule niliishia darasa la nne. Habari za nilizaliwa na nani na wapi siziandiki, kwa sababu hao hawakunisaidia kufika nilipofika. Nina duka la hina na mapambo ya maharusi Biashara Street, nina wasichana wanaonifanyia kazi, nina nyumba kwa jina langu, na Hija nimekwenda kwa jasho la vidole hivi. Mtu akisema Mishi ana bahati, namwambia aje atwange hina mwezi mmoja, kisha arudi aniambie tena habari ya bahati. Lakini kila wiki huingia msichana dukani, anakaa kwenye kiti, anatoa simu na kusema, "Bibi, mimi nataka yule Kilua kidoleni." Wasichana wangu humchora huku wakiangalia kwenye simu. Mimi hutoka nje nikajifanya nanunua karanga.

Kwa asiye na watoto nyumbani, Kilua ni kichimbakazi wa katuni, kijini kidogo cha kike. Ukubwa wake ni kidole gumba. Sketi yake ni ua la kilua lililopinduliwa, nywele zake zimefungwa fundo moja juu ya kichwa, na anaishi kwenye dirisha la nyumba ya Mji wa Kale. Ndani ya nyumba hiyo mna msichana anayependwa na kila mtu, na kila msichana huyo akisifiwa, Kilua huvimba mashavu, huwa mwekundu kama pilipili, bega la kushoto likapanda juu, kisha huingia kumfungia nyuzi mafundo au kumwagia chumvi kwenye chai. Watoto wanampenda kupita kiasi. Yuko kwenye televisheni, yuko kwenye mikoba ya shule, hata leso zimetoka zenye sura yake, na jirani zangu wa dukani wanaziuza. Wakubwa nao wanampenda, kwa kuwa ni mwenye wivu na bado hapigwi. Na aliyemchora ni Nuru. Nilimwona mwaka jana kwenye televisheni akieleza kazi hiyo inavyofanywa. Alisema mtu huchora picha ya kwanza, kisha anachora ya pili ikiifuata ya kwanza, lakini isifanane nayo kabisa, kisha ya tatu ikiifuata ya pili, na hivyo hivyo, picha chungu nzima ili kichimbakazi apepese jicho mara moja. Aliyemhoji akamuuliza alijifunzia wapi. Nuru akacheka, akasema, "Mombasa. Mkekani." Basi. Mkekani! Kana kwamba mkeka hukaa peke yake. Nilizima televisheni kwa hasira kwenye swichi ya ukutani, na feni nayo ikazimika, nikakaa jotoni.

Mkeka wenyewe naujua. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na saba, na Bi. Zena alikuwa akikaa Kibokoni, juu darini, jiko kando na ukumbi mmoja mrefu wenye madirisha ya mbao yanayotazama kichochoro chembamba, hivi kwamba jirani akikaanga vitunguu wewe ndiye unayetokwa na machozi. Chumba kilinuka hina, ndimu na udi wa jana. Chini ya dirisha ulitandikwa mkeka wa kazi, na hakuna aliyeukalia ila anayepaka na anayepakwa. Wageni, hata wawe matajiri, walikaa pembeni kwenye kitanda cha kamba. Mimi nilikuwa nimetwanga majani na kuyachuja kwa kitambaa cha malimali muda mrefu sana kabla Bi. Zena hajaniambia, "Ndoo, Mishi, ukae hapa." Nakumbuka nilivyokaa. Nilikusanya leso yangu chini ya magoti kwa adabu, kama mtu aliyealikwa na liwali. Kila mtu Mji wa Kale alijua kwamba Bi. Zena hakuwa na binti na kwamba vidole vyake vimeanza kutetemeka. Atakayeachiwa mkeka ule ataachiwa nyumba zote zinazomwita, kuanzia Ndia Kuu mpaka Kuze. Kwangu mimi huo ulikuwa ndio ulimwengu. Sikuwa na wa kunioza kwa mahari ya maana, sikuwa na cheti cha shule. Nilikuwa na mkeka ule au sina kitu.

Nuru aliletwa mfungo mosi, vileja vya Idi bado viko kwenye mikebe. Shangazi yake alikuwa akiuza viazi vya karai, akamwomba Bi. Zena amfundishe mtoto kazi ya heshima. Alikuwa mrefu kunishinda, mwembamba, na alikuwa na tabia moja iliyonikera tangu siku ya kwanza. Hakukutazama wewe. Alitazama unavyofanya. Ukinywa chai yeye aliangalia kiwiko, ukikasirika aliangalia mabega. Siku moja tunakula mahamri na mbaazi kwenye sinia moja, mimi nimenuna kwa jambo nililolisahau, akaniambia, "Mishi, wajua ukinuna bega la kushoto hupanda kwanza? Kisha pua. La kulia halipandi kabisa." Nikamwambia, "Na wewe ukila hufunga mdomo kwanza?" Akacheka mpaka mbaazi zikampalia. Bi. Zena naye akacheka, na hilo ndilo lililonichoma, maana Bi. Zena hakuwa mtu wa kucheka wakati wa kula.

Halafu likaja jambo la paka. Asubuhi moja nilikuwa napanda ngazi na kikapu cha majani, nikamwona paka amechorwa kwa mkaa usoni mwa kidato cha kwanza. Kidato cha pili yuko tena, amejikunja kidogo zaidi. Nilipopanda mbio, paka yule alijikunja, akanyanyuka, akaruka, na pale juu mlangoni kwa Bi. Zena akatua na panya mdomoni. Nilishuka nikapanda tena. Sikutaka, lakini miguu ilikwenda. Nuru mwenyewe alikuwa ametumwa Marikiti kununua ndimu. Bi. Zena alipotoka akapiga kelele, "Ni nani aliyenichafulia ngazi? Mishi, leta maji na brashi, usugue!" Nikaenda bombani kwa furaha. Niliporudi na ndoo nikamkuta Bi. Zena, mwanamke aliyekuwa akilalamika magoti mchana kutwa, ameshika leso yake juu ya magoti na anapanda ngazi mbiombio, macho kwenye vidato. Aliponiona akaacha, akajitia kukohoa. "Sugua," akasema. Nikasugua. Mpaka leo najua jinsi paka yule alivyokuwa, kidato kwa kidato, na nimeandika hivi bila kupenda.

Siku chache baadaye nilikuwa kwenye jiko la makaa nageuza chapati, mlango uko wazi, na Bi. Zena anazungumza na jirani yake mmoja, Bi. Mwanaisha, mama mnene aliyekuwa akija kila alasiri kwa ajili ya kahawa na habari za watu.

"Sasa mkeka huu utamwachia nani kati ya hawa wawili?" akauliza Bi. Mwanaisha.

"Kwani nimekwambia nakufa?"

"Aa, shoga, si hivyo. Nauliza tu."

Bi. Zena akanywa kahawa kwanza. "Mishi ana mkono," akasema. "Ukimwambia achore mstari, utanyooka mpaka Malindi. Yule Nuru ana jicho. Mkono nimeufundisha mimi. Jicho sijui alilitoa wapi."

"Basi ni Nuru."

"Sijasema ni Nuru. Wewe wapenda kunisemea."

Chapati ikaungua upande mmoja. Nikaitoa nikaiweka kando, na tulipokula nikampa Nuru hiyo. Akaila yote, anatazama vile moshi wa jiko unavyopinda dirishani.

Lazima nieleze tulivyofanya kazi, maana bila hilo jambo halieleweki. Bibi harusi huketi mkekani amenyosha miguu, mikono yake juu ya mito miwili. Hina hukauka upesi na bibi harusi huchoka, kwa hiyo kwa Bi. Zena tulipaka wawili kwa pamoja, mmoja kulia, mmoja kushoto. Wa kulia huongoza. Akichora jani, wa kushoto huchora jani lile lile kwa upande wa pili, kama mtu aliye mbele ya kioo, bila kuuliza na bila kuzungumza. Kazi ikiisha, Bi. Zena humwambia bibi harusi ainue mikono kama anayeomba dua, kisha huangalia kama ua la huku limekutana na ua la huku. Yasipokutana, aliyekosea siku zote ni wa kushoto. Mimi nilikuwa wa kulia. Nuru alikuwa wa kushoto. Nilikuwa nikiusikia mkono wake ukinifuata, chelewa yake, kile kijiti cha kuti tunachochorea, ikikwaruza ngozi nyuma ya yangu kidogo tu, na nitasema kweli kwamba hakuna mtu aliyewahi kunifuata vizuri namna ile, wala kabla wala baadaye. Wakati mwingine nilibadilisha ua ghafla makusudi ili nimpoteze. Hakupotea.

Mwisho wa mwaka tukaitwa nyumba moja ya Ndia Kuu. Baba wa bibi harusi alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, na binti, Khadija, alikuwa akiolewa na ukoo wenye dini nyingi na maneno mengi. Bi. Zena alituambia wazi tukiwa njiani, amebeba kapu lake la hina kichwani na hataki tumsaidie: "Harusi hii wataitazama watu wote. Baada ya hii nitasema mkeka ni wa nani." Nyumba ilijaa. Ukumbini wanawake walikuwa wakisokota vikuba, vile vishada vya asumini na vilua, jikoni wanaume wa kukodiwa wanachochea biriani kwenye masufuria ambayo mtu angeweza kuogea, na kila anayepita anatupa neno: "Mpakeni akolee, mumewe ampende!" Mimi nilikuwa nimetengeneza ua langu mwenyewe kwa ajili ya siku ile, sikuiga kwa mtu. Niliiba kilua kimoja kwenye sinia la vikuba, nikakiweka gotini, nikakichora kwa piko, ile rangi nyeusi, nyuma ya kila kidole cha mkono wa kulia: majani mazito yanayoinama, kikonyo juu, kidole kimoja ua moja, yote sawasawa kama yametoka chapani. Nilipomtupia Nuru jicho nikaona kwenye kidole chake kidogo ua langu vile vile. Nikaridhika, nikainamia kazi. Bi. Zena akainua mikono ya Khadija kama dua, akatazama viganja, na vidole vikiwa vimenyoshwa juu hakuna aliyeangalia nyuma yake kwa makini. "Maashallah," akasema. Tukapewa biriani kabla ya wageni. Ilikuwa na ndimu ya kukaanga na zabibu, na nilikula nikijua kwamba nimeshinda.

Siku ya kupamba, Khadija aliketishwa jukwaani, dhahabu mpaka viwikoni, wanawake wote wa mji chini yake wakimtazama. Bibi harusi haruhusiwi kucheka wala kuzungumza, na alikuwa na umri wa miaka kumi na minane, amechoka. Miguuni pake alikaa mdogo wake wa kike. Ili kumchekesha, Khadija akawa anakunja vidole vya mkono wa kushoto kimoja kimoja, kuanzia kile kidogo. Mtoto akapiga ukelele uliosikika mpaka barazani: "Yuwaruka! Mama, yuwaruka!" Watu wakasogea. Khadija akarudia. Na hapo nikaona, mimi pamoja na umma mzima, kile Nuru alichokifanya. Kidole kidogo kilikuwa na ua langu. Cha pili ua lile lile, lakini limeinama upande. Cha tatu chini ya ua vimetoka vijiguu viwili, na majani mazito yamekuwa sketi. Cha nne kuna kichwa, nywele fundo moja, mkono kiunoni na bega moja juu. Kwenye gumba kiumbe kile kinaruka kimetoa mbawa, uso wake umegeuka nyuma kinatazama mkono wa kulia kwa chuki. Kila kidole kilifuata kilichotangulia na hakikufanana nacho kabisa. Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Walipiga vigelegele. "Tena, Khadija, tena!" Nimekwenda maharusi mangapi tangu siku ile, na sijasikia watu wakiishangilia hina namna ile.

Aliyenyamazisha ukumbi ni shangazi wa bwana harusi. Alipanda jukwaani, akaushika mkono wa Khadija, akautazama kidole kwa kidole. "Hiki kina uso," akasema. "Huyu ataswali na sanamu mkononi? Ataingia nyumbani kwetu na kitu hiki?" Mama yake Khadija alianza kulia, kwa kuwa hina si vumbi kwamba utaipangusa, na bwana harusi alikuwa aingie jioni hiyo. Bi. Zena aliitwa mbele ya watu wote, mwanamke ambaye hajapata kuitwa mbele ya watu ila kwa kusifiwa.

"Nani kachora?" akauliza shangazi.

Bi. Zena akatutazama. Mimi nikasema lililo kweli: "Mkono wa kulia ni wangu. Wa kushoto si wangu."

"Ni mimi," akasema Nuru. Hakuinamisha kichwa. "Nilidhani atafurahi."

Na kweli Khadija alifurahi, hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Bi. Zena akaamua papo hapo. Piko ichanganywe nyingine, vidole vyote vya kushoto vifunikwe kuanzia ncha mpaka shinani, viwe vyeusi kama vimetumbukizwa wino. Nuru alikuwa amekwishatolewa nje, kwa hiyo aliyefunika ni mimi. Nilipomaliza nikashusha pumzi, nikasimama. Bi. Zena akaniambia bila kunitazama, "Na kulia."

"Kulia kuna maua tu, Bi. Zena. Hakuna uso."

"Mikono ya bibi harusi hufanana. Kaa chini."

Basi nikakaa, nikayafunika maua yangu mwenyewe, kidole kimoja baada ya kingine, yale mazuri kuliko yote niliyopata kuchora. Wanawake wakitazama walikuwa wakinong'onezana habari ya kiumbe kilichoruka. Hakuna hata mmoja aliyesema, jamani, haya maua nayo yalikuwa mazuri.

Asubuhi yake Bi. Zena alimwita Nuru mbele yangu, akampa leso mpya na kumwambia, "Mwanangu, nikikuweka hapa hakuna nyumba itakayonifungulia mlango." Sauti yake haikuwa kali. Ingekuwa kali ningelala vizuri zaidi. Nuru akamshika mkono, akaubusu, akateremka ngazi pole pole, anaangalia vidato. Kisha Bi. Zena akanigeukia, akapapasa mkeka. "Huu sasa ni wako, Mishi." Hakusema hongera. Shangazi yake Nuru akampeleka kwa ndugu zao Nairobi akarudi shule, na kutoka huko akafika mbali, nchi za baridi ambako watu wanalipwa kwa kuchora. Mimi nikaingia nyumba zote. Harusi ya kwanza niliyokwenda peke yangu, nikapaka mikono yote miwili, ikakutana barabara, nikawasikia wageni wawili nyuma yangu. "Huyu ndiye yule aliyechora kitu kikaruka?" "Hapana, huyu ni mwenziwe." "Aa." Hiyo "aa" nimeishi nayo mpaka sasa nina mvi.

Kwa hiyo siku ya hitima, wageni walipopungua na mimi naosha vikombe katika jiko lile lile la Bi. Zena, Nuru akaja akasimama mlangoni. Nikamwona anaangalia mkono wangu unavyozungusha kitambaa ndani ya kikombe.

"Usianze," nikamwambia.

"Sijasema kitu." Akachukua kitambaa kikavu akaanza kufuta. "Bado una hasira nami, Mishi."

"Sina hasira. Hasira hukwisha. Nina wivu."

Akachukua kikombe kingine. "Wivu wa nini? Wewe ndiye uliyepewa mkeka."

"Ile sketi ya Kilua ni ua langu."

"Ni lako. Nililifuata. Si ndiyo kazi niliyowekewa?"

"Na mbona hujapata kusema? Dunia nzima yakuuliza, wewe wajibu mkekani, mkekani."

"Ulisema mbele ya watu kwamba mkono wa kushoto si wako."

"Na si wangu! Ua ndilo langu. Hayo ni mambo mawili." Nilikuwa nimeinua sauti. Nikaishusha. "Na jambo jingine. Huyo kichimbakazi wako mwenye wivu, bega juu, mashavu yamevimba. Wadhani sijioni? Watoto wa watu wananicheka kila jioni saa ya katuni."

Nuru akaweka kikombe chini. Alikuwa amestaajabu kweli, nami namjua akistaajabu, maana hapo ndipo hukutazama machoni. "Bega ni lako," akasema. "Sikulipata bega jingine zuri kama hilo. Lakini wivu si wako, Mishi. Ni wangu. Kabla sijapelekwa Nairobi mlikuwa na harusi hapo kichochoro cha nyuma. Nilikuja nikasimama chini ya dirisha. Nasikia wanaimba, nasikia harufu ya biriani, na Bi. Zena anasema, 'Mishi, hapo sawa, endelea.' Wewe uko ndani na mimi niko nje. Nikatamani kupanda nikakumwagie ile hina yote. Kwani yule msichana wa ndani ya nyumba, anayependwa na kila mtu, wewe ulidhani ni nani?"

Nitaandika nilivyohisi, hata kama ni aibu kwa mtu wa umri wangu na katika nyumba ya msiba: nilifurahi. Nilifurahi kuonewa wivu, tena na yeye, tena miaka yote hiyo, mbele ya watoto wote wa nchi hii bila wao kujua. Nikavuta kigoda nikakaa.

"Nina mahojiano mengine kabla sijaondoka," akasema Nuru. "Nikutaje?"

"Nitaje. Kwa jina langu kamili. Na useme ua ni langu. Na duka ulitaje, useme liko Biashara Street, watu wasitafute."

"Nitasema."

"Ukisahau nitakuja huko huko kwenye nchi yako ya baridi."

Akakaa chini sakafuni, karibu na kigoda changu, pumzi zikimtoka kama mtu aliyetua mzigo. Nikamtazama. Tumekuwa vikongwe wote wawili. "Haya, hebu nieleze hesabu hii," nikamwambia. "Wewe umenionea wivu mimi, ukapata umaarufu na nyumba ya ghorofa ughaibuni. Mimi nimekuonea wivu wewe, nikapata presha tu."

Alianza yeye. Aliweka kitambaa cha vikombe mdomoni lakini kicheko kikapita pembeni, na mimi nilipomwona nikashindwa, nikacheka mpaka machozi yakanitoka, nimeshikilia ukuta nisianguke kigodani. Mwanamke mmoja kijana akachungulia kutoka ukumbini, amekunja uso. "Bibi zangu, tafadhalini," akasema. "Hapa kuna msiba."

"Twajua, mwanangu," nikamjibu. "Ni wetu."